Nyumba ya Vidato: Jinsi ya Kuchora Nyumba ya Kisasa Kwenye Kiwanja Chembamba cha Mlimani

Mteja akija ofisini kwangu huwa ameshika simu. Ndani yake kuna picha ya nyumba: paa la kuficha nyuma ya ukuta, vioo kutoka sakafuni hadi darini, magari mawili mbele, majani yamekatwa vizuri. "Dada, mimi nataka hii." Namuuliza kiwanja kiko wapi. Isamilo, juu kule. Au Mabatini, au Nyakabungo, au Igogo, zote za milimani hapa Mwanza. Upana? Mita tisa. Hapo namrudishia simu yake, navuta droo, natoa mpira wa maji na kumwambia twende kiwanjani.

Mimi ni mbunifu majengo, mtoto wa fundi mwashi, mzaliwa wa Mwanza. Baba alinifundisha kupima mlima kabla sijafundishwa kushika penseli, na chuoni walinifundisha vingine vyote. Ninayoeleza hapa ni yale niliyofanya kwenye nyumba yangu mwenyewe Isamilo: kiwanja cha mita 9 kwa 24, barabara iko chini upande wa ziwa, na mpaka wa juu umepanda mita 4.5 kuliko barabara. Kiwanja chako kitatofautiana na changu kwa namba. Utaratibu ni ule ule.

Kupima

Mpira wa maji ni ule mwembamba unaoonyesha ndani. Mafundi wote wanao. Ujaze maji polepole mpaka mapovu yaishe, kwa sababu povu moja likibaki katikati vipimo vyote ni uongo. Mmoja asimame kwenye jiwe la mpaka la chini ameshika ncha moja, mwingine apande mita 3 na ncha ya pili. Maji yakitulia, yamelingana kwenye ncha zote mbili. Kila mmoja apime kutoka usawa wa maji hadi ardhini. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mwinuko wa hizo mita 3. Andika, sogeeni, rudieni. Mita 24 ni hatua nane.

Fanya hivyo mara tatu: mpaka wa kushoto, katikati, mpaka wa kulia. Wengi hupima mstari mmoja wa katikati wakaridhika. Kwangu upande wa kulia ulikuwa chini sentimita 60 kuliko wa kushoto, na kwa macho usingejua. Sentimita 60 ni karibu kozi tatu za tofali. Usipoziona kwenye karatasi utakutana nazo kwenye msingi, fundi akikudai pesa ya tofali ambazo hukuzipangia.

Wakati huohuo chora kila jiwe. Mwanza ni mawe, hilo halina mjadala, ila mawe yenyewe ni ya aina mbili. Kuna mwamba uliotoka chini ya ardhi, na kuna jiwe lililokaa tu juu ya udongo, kubwa kama daladala lakini halina mizizi. Chimba pembeni yake kwa sururu. Likianza kujikunja kurudi ndani, ni la kukaa. Likizidi kutanuka kadiri unavyoshuka, ni mwamba, na huo ni zawadi: weka nguzo zako juu yake. Jiwe la kukaa liondoe au lipite mbali, usilifanye msingi. Na usikubali nusu ya msingi ikae juu ya mwamba na nusu juu ya udongo bila kumwambia mhandisi. Udongo utashuka kidogo, mwamba hautashuka, na ufa utapita katikati ya sebule ukiwa umenyooka kama umepigwa kamba.

Kuhusu kupasua: njia ya kuchoma jiwe kwa magogo au matairi kisha kulipiga nyundo bado ipo. Mimi siitaki karibu na nyumba za watu. Moshi wa tairi unaingia kwenye neti za watoto wa jirani, na moto hauchagui jiwe. Ule mwamba uliotaka kuujengea nao unaweza kupata nyufa. Mafundi wa kutoboa matundu na kugongea kabari wapo, wanachelewa, lakini jiwe linapasuka pale ulipotaka, na vipande vinafaa kujengea ukuta.

Anza na mkato, ramani ya sakafu ingoje

Kwenye tambarare unaanza kwa kupanga vyumba. Mlimani ukianza na vyumba umeshapotea. Anza na mkato: ichukulie nyumba kama mkate uliokatwa kwa urefu, uitazame kwa ubavu. Chukua karatasi ya A4 ya miraba, ilaze kwa mapana, sentimita moja iwe mita moja. Kiwanja cha mita 24 kinaenea vizuri. Weka zile nukta za mpira wa maji, ziunganishe, umepata mgongo wa mlima wako. Sasa chora mtu mwenye urefu wa sentimita 1.7 amesimama kila baada ya mita chache. Mtu huyo atakuonyesha mambo ambayo ramani ya sakafu haiwezi: wapi anaona ziwa, wapi anaona ukuta, wapi jirani anamwona yeye anaoga.

Mzee mmoja mstaafu aliwahi kuniambia, "Mwanangu, kwa nini tusisawazishe tu tukamaliza?" Nikamwonyesha kwa hesabu, maana wazee wa hesabu hawabishani na hesabu. Ukikata kiwanja kama changu kiwe bapa usawa wa barabara, udongo wa kutoa ni 24 mara 4.5, gawa kwa mbili, mara 9: mita za ujazo 486. Tipa linalobeba mita za ujazo 5 litapanda na kushuka zaidi ya mara 97, na hapo sijahesabu kwamba udongo ukichimbuliwa huvimba. Ukikata vidato vitatu, yaani mlima ukatwe kama ngazi kubwa, kila kimoja mita 8 kwa urefu na mita 1.5 kwa kina, unatoa 162. Theluthi.

Udongo wenyewe ni nusu ya hadithi. Mwisho wa kule kusawazisha utabaki na ukuta wa mita 4.5, na jirani wa juu kakaa ukingoni. Nguvu ya udongo kwenye ukuta haiongezeki sawasawa na urefu. Urefu ukizidi mara tatu, msukumo unazidi mara tisa, na ile nguvu ya kuupindua ukuta mara ishirini na saba. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Basi vidato." Tukajenga vidato.

Kuta za mita 1.5 zinaweza kuwa za mawe yaleyale yaliyotoka kiwanjani. Kitako cha ukuta kiwe karibu sentimita 90, juu pabaki 45, na uso wa ukuta uegemee mlima kidogo. Ukizidi mita 1.5, au kama kuna nyumba juu yake, usifanye kwa mazoea. Mhandisi apige hesabu, nondo ziingie.

Nani akae kidato kipi

Kiwanja cha mita 9, toa mita 1.5 kila upande, nyumba ina mita 6 za upana. (Nafasi za pembeni na mbele uliza halmashauri kabla hujachora. Usiulize fundi, usiulize jirani aliyejenga mpakani.) Mita 6 ukitoa ukumbi wa kupita wa mita 1.1 na kuta, vyumba vinabaki kama mabehewa. Kwa hiyo ngazi zenyewe zifanye kazi ya ukumbi. Mimi nilizilaza katikati, kati ya kidato na kidato, na vyumba vikafunguka kutoka kwenye ngazi. Mita 1.5 gawa kwa ngazi tisa ni sentimita 16.7 kila moja. Kukanyaga sentimita 28. Mguu wa mtu mzima haulalamiki.

Kidato cha kwanza, usawa wa barabara: gari, mlango mkubwa, na chumba cha mama yangu chenye bafu lake. Hapo sikusikiliza ushauri wa mtu. Nyumba ya ngazi isiyo na chumba cha kulala na choo mlangoni itamfungia mzazi nje siku magoti yakigoma, au itakufungia wewe. Wateja wengi hapa huniomba fremu ya duka upande wa barabara. Haya, ila fremu ikichukua mita 3 kati ya zako 6, gari litalala nje, na chumba cha mzee kitahamia juu. Chagua.

Kidato cha pili: sebule na jiko. Cha tatu: vyumba viwili na bafu. Kisha kuna raha moja ya vidato ambayo tambarare haiwezi kukupa. Slabu ya zege iliyofunika kidato cha kwanza iko mita 3.0 juu ya barabara. Sakafu ya kidato cha tatu nayo iko mita 3.0. Kwa hiyo ukisimama sebuleni una ngazi tisa kwenda nyuma vyumbani, na ngazi tisa kwenda mbele juu ya slabu, usawa mmoja. Pale mbele niliweka baraza. Ziwa lote liko pale, na jioni hakuna anayekaa sebuleni.

Kwa kuwa kuna slabu na kitu juu yake, halmashauri watakihesabu kama ghorofa. Michoro iwe na mihuri ya mbunifu na mhandisi waliosajiliwa kwenye bodi zao, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kibali kwanza, sururu baadaye.

Mwanga wa katikati

Nyumba ya mita 6 kwa 20 iliyobanwa na majirani ina ugonjwa mmoja: katikati ni giza, na taa inawaka saa nne asubuhi. Watu wa Pwani walishalimaliza jambo hili zamani. Nyumba za mawe za Lamu zimebanana vichochoroni hivi kwamba punda wawili hawapishani, lakini kila moja ina kiwanda chake ndani, ua mdogo ulio wazi juu, na mwanga unashuka kwa humo. Niliiba wazo hilo bila aibu. Kati ya jiko na ngazi za kupanda kidato cha tatu nimeacha uwazi wa mita 2 kwa 3. Una mti mmoja wa mlimao, bomba la kufulia na mfereji. Kila anayeingia huniuliza kwa nini nimepoteza chumba. Bila huo uwazi ningepoteza vitatu.

Madirisha ya ubavuni yaweke juu, sentimita 160 kutoka sakafuni, yaingize mwanga na kutoa joto bila kumtazama jirani ambaye ukuta wake uko mita 3 tu kutoka kwako.

Sasa jua. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana liko karibu utosini mwaka mzima, Juni likiegemea kaskazini na Desemba kusini. Kuta za kaskazini na kusini paa la kawaida linazikinga. Adui ni magharibi, na kwetu sisi wa Isamilo magharibi ndiko ziwa liliko. Kila mteja anataka kioo kizima upande huo. Baraza langu lina paa la mita 2, na saa kumi jioni kivuli kinafika vizuri. Saa kumi na moja jua limeshuka, linapita chini ya paa, linaingia mpaka kwenye makochi, na linang'aa mara ya pili kutoka majini. Hapo paa refu halisaidii tena. Kinachosaidia ni kitu cha kusimama wima: mbao zilizopangwa kwa nafasi, au tofali za matundu. Theluthi mbili za uso wa baraza langu nimejenga tofali za matundu, theluthi moja nimeiacha wazi kabisa kwa ajili ya ziwa. Nyuma ya matundu nimefunga nyavu, maana wale wadudu wadogo wa ziwani wakiamua kuja wanakuja kama moshi, na asubuhi unawazoa kwa koleo.

Lile paa la kuficha la kwenye simu? Linajengeka. Ila kwenye nyumba nyembamba gata la ndani ndilo bwana mkubwa, na likizibwa na jani moja la mwembe maji yanamwagika darini. Mimi niliweka paa la mteremko mmoja kila kidato, nikainua upande wa ziwa ili sebule ipate kimo na mlango wa kutokea barazani. Ukilazimisha la kuficha, gata liwe pana mtu aweze kukanyaga ndani akilisafisha, na utoboe ukuta wa mbele tundu la dharura la kumwaga nje maji yakizidi.

Maji

Hapa ndipo nilipokosea, na si kwenye nyumba yangu bali kwenye kazi yangu ya kwanza ya mlimani. Ukuta wa nyuma ulikuwa mzuri, mawe yamepangwa, nimepiga na picha. Matundu ya kutolea maji sikuyachora. Masika ya kwanza ukuta ukatoa tumbo. Udongo mkavu ukuta uliuweza. Udongo ulioshiba maji, pamoja na maji yenyewe yaliyosimama nyuma kama kwenye tenki, haukuuweza. Tuliubomoa na kuujenga upya, na nusu ya gharama ilitoka mfukoni mwangu.

Tangu siku hiyo nachora hivi. Juu kabisa, mpakani na jirani wa juu, mfereji wa kukinga maji yake kabla hayajaingia kwangu, uteremke ubavuni hadi barabarani. Nyuma ya kila ukuta, kokoto sentimita 30 kutoka chini hadi karibu na juu. Ndani ya ukuta, vipande vya bomba la inchi tatu kila mita 1.5, safu mbili, vikiinamia nje. Na ukuta wa nyuma kabisa usiwe ukuta wa chumba. Kuta za katikati zina nyumba juu yake, mvua haizipati moja kwa moja. Wa nyuma unakunywa maji ya mlima mzima. Acha uchochoro wa sentimita 80 kati yake na ukuta wa chumba cha kulala, mtu apite na ufagio. Ukiunganisha ili uokoe nafasi, ukungu utakupaka rangi yake kila masika.

Maji ya kuoga: watu hudhani tenki likikaa sehemu ya juu ya kiwanja limetosha. Chora kwenye mkato. Ardhi ya nyuma iko mita 4.5. Bomba la mvua la bafu la kidato cha tatu liko mita 5.0. Kitako cha tenki kiko chini ya kichwa cha anayeoga! Kidato cha kwanza kitapata maji vizuri kabisa, cha tatu kitadondosha machozi. Nilijenga mnara wa mita 3 kwa ajili ya tenki, na ndiyo kitu pekee kisichopendeza kwenye nyumba yangu.

Majitaka: kwenye mwamba, shimo la kunywea halinywi. Karo liwe chini karibu na barabara ambapo gari la kunyonya litafika, na kama mtaa wako una bomba la majitaka, unga huko ulale usingizi. Bomba la inchi nne lishuke sentimita moja kila sentimita 40, na palipo na kidato weka chemba ya kushukia. Usilitupe bomba zima lifuate mlima.

Kabla ya sururu ya kwanza

Nenda kwa jirani wa juu ukiwa na simu na soda mbili. Mwambie unachotaka kufanya, muombe mpige picha pamoja za nyufa zote alizonazo kwenye kuta zake leo. Hakuna jirani aliyewahi kunikatalia, na mara mbili picha hizo zimemaliza ugomvi kabla haujafika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Chimba kiangazi, Juni hadi Septemba. Anza na ukuta wa juu, shuka. Usiufungue mlima wote siku moja: chimba mita 2, ruka mita 2, jenga ulipochimba, ukauke, ndipo urudi ulipoacha. Mafundi watasema unawachelewesha, zege halilali. Zege halilali, sawa, lakini mlima nao ukishaamka haulali.

Kwenye bajeti weka mstari peke yake wa kupandisha mzigo. Tofali, mchanga, kokoto na maji, vyote vitapanda kwa kichwa na kwa bega kutoka barabarani, na kila anayepandisha anastahili kulipwa vizuri. Kwangu, kufikisha tofali moja kidato cha tatu kulinigharimu kama theluthi ya bei ya tofali lenyewe. Ndiyo maana vyumba vya juu nilivipunguza kuta na kutumia makabati kuvigawa.

Kuta za kuzuia udongo zikiisha, subiri mvua ya kwanza ya vuli. Usijifungie ndani. Vaa koti, toka nje, nenda kwenye ule uchochoro wa nyuma uhesabu matundu. Yangu ni kumi na mawili. Siku ile kumi na moja yalikuwa yanatiririka na moja limekauka. Lilikuwa limejaa zege, saidia fundi alipitisha mwiko bila kutazama. Nikachukua kipande cha nondo ya milimita 12 na nyundo, nikalizibua nikiwa nimelowa chapachapa, mpaka maji ya kahawia yakaniruka usoni.